Mgonjwa wa kiharusi akivuka mpaka, nani anampigia simu?

Mwezi uliopita nilikwenda Karatu kumjulia hali mwenzetu mmoja wa vitunguu. Wengi wa Namanga mnamfahamu kwa sura, ingawa jina lake sitalitaja hapa. Kwa miaka mingi amekuwa akipakia vitunguu vya Mang'ola kwenye Fuso, anavuka mpaka usiku, na alfajiri yuko Nairobi akibishana na madalali. Mwaka jana aliamka katika nyumba ya wageni huko Nairobi akashindwa kuvaa shati. Mkono wa kulia haukumtii. Alipojaribu kumwita kijana wa mapokezi, maneno yalimtoka kama ya mlevi, naye hajawahi kuonja pombe.

Alibahatika, kwa sababu kijana yule hakumwambia apumzike kidogo. Alitafuta gari. Mzee akafikishwa hospitali mapema, akapigwa picha ya kichwa, akatibiwa, na baada ya siku kumi na moja akaruhusiwa. Alitoka anatembea kwa fimbo, mkononi ana mfuko wa dawa za wiki mbili na karatasi mbili za Kiingereza. Tena alipewa ahadi kwamba atakumbushwa dawa na siku za kliniki kwa simu, maana hospitali ile ina mfumo wa kisasa wa kutuma ujumbe kwa wagonjwa wanaorudi nyumbani. Jambo zuri kabisa, na sina shaka walilifanya kwa nia njema.

Ila walichukua namba yake ya Kenya.

Sisi tunaoishi kwa mpaka tunajua kilichofuata. Alipofika nyumbani, laini ya Kenya ilitolewa ikawekwa kwenye kikopo cha vifungo juu ya kabati, na laini ya Tanzania ikarudi kwenye simu. Dawa za wiki mbili zikaisha. Mkewe alikwenda na boksi tupu kwenye duka la dawa, muuzaji akalitazama, akasema dawa ya jina hilo haipo. Akampa moja kati ya tatu, ile aliyoitambua. Mzee mwenyewe alikuwa anajisikia vizuri, anatembea mpaka msikitini na kurudi, basi hata hiyo moja ilipoisha hakuna aliyeihangaikia. Mwezi wa nne kiharusi kikarudi. Sasa hivi hasemi neno linaloeleweka, na kugeuzwa kitandani anageuzwa.

"Shemeji," nilimuuliza mkewe, "hospitali hawakuwahi kuwatumia ujumbe?" Akasema hata mmoja. Kwa ruhusa yao nikaichukua ile laini, na nilipofika Namanga nikaiweka kwenye simu. Uliingia ujumbe mmoja tu, wa Kiingereza, ukimkumbusha kliniki ya siku mbili nyuma. Mingine yote ilikuwa imepotea hewani, kwa kuwa mtandao hautunzi milele ujumbe usio na mpokeaji. Kwenye kompyuta ya hospitali, nina hakika, inaonekana kwamba mgonjwa huyu amehudumiwa kila wiki.

Ninaandika haya kwa sababu huduma ya afya kwa simu inazungumzwa sana siku hizi katika nchi zetu, na mimi ni miongoni mwa wanaoiunga mkono. Lakini kuna dhana moja inayonisumbua: kwamba ukishatuma ujumbe, kazi imekwisha. Mgonjwa wa kiharusi anayerudi nyumbani anahitaji mtu upande wa pili wa simu. Na kama mgonjwa huyo ni mfanyabiashara kama sisi, anahitaji mtu huyo amfuate hadi ng'ambo ya mpaka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu bado tunauita upepo mbaya au kutupiwa kitu. Kiharusi ni ubongo kukosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au damu kumwagika kwa sababu mshipa umepasuka. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni presha ya juu, nayo haiumi wala haipigi hodi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, pale Boma Ng'ombe tunapopita kila siku, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kama watu 109 kwa kila watu laki moja kwa mwaka. Dar es Salaam walipata 316. Watu wa nchi moja, na tofauti ni karibu mara tatu.

Jiulize sisi tunafanana na nani, mkulima wa Hai au mtu wa mjini? Tunalala kwenye kiti cha lori, tunakula chipsi na nyama ya kuchoma iliyojaa chumvi saa sita usiku, tunakunywa soda ili tusisinzie, na kupima presha ni mpaka tuanguke. Simlaumu mtu. Ndiyo kazi ilivyo.

Sasa, hatari haiishii hospitali. Aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu sana na cha pili, hasa katika wiki na miezi ya mwanzo. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo ubongo unajifunza upya kwa kasi kubwa zaidi, mkono na mguu vikifanyishwa mazoezi. Yaani kipindi ambacho mgonjwa anahitaji kufuatiliwa kwa karibu kuliko vyote ndicho kipindi ambacho yuko nyumbani na mkewe, mbali na daktari, akitegemea karatasi asiyoisoma. Hospitali inamtibu kwa siku kumi na moja. Siku zinazobaki ni za familia.

Hapa ndipo simu inapoingia, na hapa ndipo inafaa tuwe waangalifu. India walijaribu jambo hili kwa ukubwa. Waliwachukua wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 4,000 kutoka hospitali 31, nusu yao wakapewa kitabu cha mafunzo, ujumbe mfupi na video kwenye simu, kwa lugha 12 za nchi hiyo, ili kila mtu asome lugha yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Waliotumiwa ujumbe walimeza dawa vizuri zaidi, na baadhi waliacha sigara na pombe. Lakini baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliopata kiharusi kingine, ugonjwa wa ghafla wa moyo au kufariki haikuwa ndogo kuliko ya wenzao ambao hawakutumiwa kitu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hapakuwa na dalili ya kufaulu.

China walifanya kwa njia nyingine. Katika vijiji 50 vya jimbo la Hebei, kaskazini mwa nchi, walikuwapo wagonjwa 1,299 waliokwisha kupata kiharusi. Katika nusu ya vijiji hivyo, daktari wa kijiji alipewa mafunzo, programu kwenye simu ya kumwonyesha nani wa kumtembelea na nini cha kuuliza, na malipo kidogo kulingana na kazi aliyofanya. Kila mwezi alimwona mgonjwa, akampima presha, akahakikisha dawa zipo. Mgonjwa naye alipata kila siku ujumbe wa sauti bila malipo. Sauti, si maandishi. Mwisho wa mwaka, katika vijiji vyenye huduma hiyo, wagonjwa kama wanne katika kila mia walikuwa wamepata kiharusi tena. Katika vijiji vingine walikuwa tisa.

Nchi mbili tofauti, na watu wake hawafanani, kwa hiyo msomaji makini ataniambia nisizilinganishe kama kilo na kilo. Ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa biashara, na nikiona bidhaa moja imetumwa yenyewe ikapotea, na nyingine imetumwa na mtu wa kuipokea ikafika, najua la kuchagua. Hata Ghana, mjini Kumasi, walipojaribu kuwapa wagonjwa kipimo cha presha cha nyumbani kinachotuma namba kwenye simu, waliweka muuguzi wa kuzitazama namba hizo.

Suala la sauti nalirudia kwa makusudi. Kiharusi kinaweza kumwondolea mtu uwezo wa kusoma hata kama alikuwa akisoma magazeti mawili kila asubuhi. Kinaweza kumwondolea hesabu. Mzee wetu, baada ya kiharusi cha kwanza, alikumbuka bei ya gunia la mwaka juzi lakini hakukumbuka tarakimu nne za namba yake ya siri. Fedha za watu watatu zilikaa kwenye simu yake wiki kadhaa kabla ya kupatikana, na sitaficha kwamba mmoja wa hao watatu ni mimi. Mtu wa namna hiyo unamtumia ujumbe wa Kiingereza wenye kiungo cha kubofya?

Tena simu ya mgonjwa mara nyingi haiko kwa mgonjwa. Iko kwa mtoto wa kiume anayekwenda nayo shuleni, au imezimwa kwa sababu wadai wanapiga. Hospitali inayotaka kumfikia mgonjwa inapaswa kuuliza swali rahisi kabla ya kumruhusu: nyumbani ni nani atakayekuwa anampa dawa, na namba yake ni ipi? Kwetu sisi swali hilo liwe na nyongeza: ukivuka, unatumia laini gani?

Kuna watakaosema kwamba hili ni jambo la matajiri, na nchi zetu hazina watu wa kupiga simu. Si kweli tena. Mwezi Septemba mwaka 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa simu na mikoba yenye vifaa, kikiwamo kipimo cha presha. Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwezi Januari mwaka 2024. Uganda na Rwanda zina watu wao wa vijijini wa kazi hiyo tangu zamani. Kwa hiyo wale madaktari wa kijiji wa Hebei, kwa namna yetu, tunao. Kasoro ni kwamba kila mmoja anaishia kwenye geti la mpaka wake. Mhudumu wa Karatu hakuwahi kuambiwa kwamba katika mtaa wake amerudi mtu aliyelazwa Nairobi kwa kiharusi. Angeambiwa na nani?

Mtu akiniambia kwamba taarifa za mgonjwa haziwezi kuvuka mpaka, ninamkumbusha mwaka 2020. Wakati wa korona, malori yalipopanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Namanga, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitengeneza mfumo wa simu wa kuwafuatilia madereva, ambamo majibu ya kipimo yaliyotolewa nchi moja yaliweza kusomwa nchi nyingine. Ulikuwa na matatizo yake, na madereva wanayakumbuka vizuri kuliko mimi. Lakini ulionyesha kwamba mizigo ikikwama, afya ya mtu inaweza kuvuka mpaka ndani ya simu. Iweje isiweze kuvuka mzigo ukiwa umekwisha kupita na aliyebaki ni mwenye mzigo, amelala?

Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: Kenya na Uganda walizipitisha mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Ni sheria nzuri, na sitaki daktari yeyote amwage siri za mgonjwa kwenye kundi la mtandaoni. Lakini zina mlango, na mlango huo ni ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Siku ya kuruhusiwa mtu aulizwe kwa Kiswahili kama anakubali taarifa zake zitumwe kwenye kituo cha afya cha nyumbani kwake, hata kama kiko nchi jirani. Akikubali, aweke sahihi au dole gumba, na zitumwe siku hiyo hiyo. Mawaziri wetu wa afya hukutana mara kwa mara chini ya Jumuiya. Hili la fomu moja ya kumruhusu mgonjwa, yenye lugha moja inayoeleweka Busia, Mutukula, Rusumo na Taveta, halihitaji mkopo wa benki yoyote.

Wakati tunawasubiri, kuna mambo tunayoweza kuyafanya wenyewe, na hapa naongea na wewe mwenye duka la mitumba na wewe wa mahindi.

Piga picha karatasi ya hospitali na majibu ya picha ya kichwa, uyatume kwa watu wawili unaowaamini. Si urembo huo. Kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kupasuka havitibiwi kwa dawa zile zile. Aspirini inayomlinda mmoja inaweza kumdhuru mwingine, na daktari wa nyumbani asiyeona majibu yale anabaki kubahatisha. Mwombe daktari aandike jina halisi la dawa, siyo jina la kiwanda. Viwanda vinabadilika ukivuka mpaka, boksi linabadilika rangi na jina, lakini amlodipini ni amlodipini Nairobi na ni amlodipini Karatu. Laiti karatasi ya mzee wetu ingeandikwa hivyo, yule muuzaji wa duka la dawa angempa zote tatu.

Kipimo cha presha cha kufunga mkononi kinunuliwe, hata na kikundi kwa pamoja. Bei yake haiko mbali sana na gunia moja la vitunguu siku soko likiwa zuri. Mgonjwa akae dakika tano ametulia, apimwe, namba iandikwe kwenye daftari na itumwe kwa muuguzi au mhudumu mliyekubaliana naye. Na dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza.

Mazoezi ya viungo nayo yanaweza kufundishwa kwa video ya simu, na nimeona kijana mmoja wa Arusha akimwelekeza mama yake kijijini namna ya kumwinua baba bila kumvuta bega. Bando linakula pesa na mtandao unakatika, lakini robo saa mara mbili kwa wiki ni nafuu kuliko gari la kukodi. Mtaalamu wa viungo amwone mgonjwa kwanza ana kwa ana, ndipo video zifuate.

Simu hiyo hiyo inaleta pia matapeli. Tangu mzee wetu aanguke, mkewe ametumiwa matangazo yasiyo na idadi ya dawa za kuponya kiharusi kwa siku saba, lita moja kwa bei ya mbuzi. Mbuzi wawili wamekwisha kwenda kwa njia hiyo. Nilikasirika, kisha nikafikiri: wale matapeli walipiga simu. Walizungumza naye Kiswahili kwa upole, wakamuuliza mgonjwa amelalaje, wakapiga tena kesho yake. Hospitali yenye mitambo yote ile haikufanya hivyo hata mara moja.

Na mtu akikaa peke yake ndani, hasemi, hana biashara, watu hawaji tena, anavunjika moyo. Madaktari wanasema takribani mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona. Hatuhitaji programu kwa hilo. Mzee wetu hawezi kujibu, lakini nilipomwekea simu sikioni ili asikie kelele za soko na sauti ya dalali wake wa zamani akimtania kuhusu deni, alicheka kwa upande mmoja wa uso mpaka machozi yakamtoka.

Kikao chetu cha wafanyabiashara wa nafaka na vitunguu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, safari hii upande wa Kenya. Nitakuja na daftari. Kila mwanachama ataandika laini yake ya Kenya, laini yake ya Tanzania, namba ya mtu wa nyumbani, na kituo cha afya kilicho karibu na kwake. Mama mmoja wa maharage, ambaye binti yake ni muuguzi, amekubali kuja na kipimo cha presha na kutupima wote kabla ya ajenda ya ushuru. Nimeshaambiwa kwamba baadhi yenu mnapanga kuchelewa ili mpitwe na zoezi hilo. Atakuwa mlangoni.